Kizibo Kimoja, Watu Wangapi?

Mwalimu mpya wa Historia pale Kasulu alinipigia simu majuzi. Alikuwa amefungua stoo akakuta meza ndefu ya mninga, gunia la vizibo vya soda, kamba za katani, shuka la kijani lenye madoa ya chai, na kopo la watu wadogo wa nta, wengi wao wamevunjika shingo.

"Mwalimu Nakijwa, shikamoo. Hivi vitu ni vya kutupa au vya kutunza?"

"Marahaba. Usitupe hata kamba. Nitakuandikia."

Haya ndiyo niliyomwandikia. Najua atawaonyesha wenzake, kwa hiyo nimeyaandika kwa ajili yenu wote mnaoshika chaki leo. Yakizidi urefu mnivumilie. Nimestaafu, na mstaafu hana kengele ya kumkatiza.

Kazi niliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kufundisha Historia. Kazi iliyonikalisha Kigoma mpaka nikasahau kuomba uhamisho ilikuwa ndani ya hiyo: kupanga vita vya zamani juu ya meza, wanafunzi wavicheze wenyewe, waone kwa nini mambo yalikwenda kama yalivyokwenda. Watu hudhani ugumu wake ni kutengeneza askari wanaopendeza. Askari si kitu. Ugumu uko kwenye maswali mawili. Kipande hiki cha meza ni ardhi kiasi gani? Na askari huyu mmoja ni watu wangapi? Ukikosea hapo, hata askari wako wawe wa dhahabu, historia itakukataa.

Mimi ilinikataa mapema sana.

Nilifika Kibondo nikitokea Same. Kwetu Same mvua ni habari. Kibondo mvua ni jirani. Siku yangu ya kwanza nilikatiza uwanja wa shule na viatu vya kisigino, nikafika darasani na kimoja. Kipindi changu kilikuwa baada ya chakula cha mchana, ugali na maharage, saa ambayo hata malaika akija kufundisha Kidato cha Pili atawakuta wamelala. Mada ilikuwa Waafrika walivyopinga utawala wa Wajerumani. Nikawasimulia Lugalo, jinsi Wahehe walivyouvizia msafara wa Wajerumani vichakani na kuumaliza kwa muda mfupi mno. Nilisimulia kwa mikono yote miwili. Kijana wa mbele alikuwa amelala macho wazi, ufundi ambao sijauona tena mahali pengine.

Siku ya pili nilipitia dukani kwa Mzee Issa, ng'ambo ya lango la shule, nikamwomba vizibo vya soda. Alinipa mfuko mzima bila kuuliza. Kibondo mwalimu akiomba kitu cha ajabu, watu hudhani ni mtaala mpya. Nikaunganisha madawati matatu. Vizibo vyekundu vikawa Wajerumani na askari wao, vya njano Wahehe. Kizibo kimoja watu kumi. Nikaurundika msafara katikati, nikawapanga Wahehe ukingoni, nikasema bunduki inapiga mpaka mwisho wa madawati kwa sababu kitabu kilisema bunduki zile zilifika mbali.

Darasa liliamka. Walipigana kwa kelele mpaka mwalimu wa Hesabu akaja kuchungulia. Wajerumani wakashinda.

Tukarudia. Wakashinda tena. Tukawaongezea Wahehe vizibo, wakashindwa wakiwa wengi zaidi. Sasa nikawa na darasa zima lililo macho, linaniuliza nani mwongo, kitabu au mimi.

Aliyenitoa hapo alikuwa Bwana Balthazari Ntahondi, mwenyeji wa Murungu, mchora ramani wa ofisi ya ardhi. Binti yake, Konsolata, alikuwa darasani mwangu, naye alikuja kuuliza maendeleo yake. Mtu mwembamba, mpole, penseli mfukoni mwa shati imechongwa kwa wembe mpaka inatisha.

"Mwakeye, Mwalimu," alisalimu kwa Kiha. "Naona mnapigana."

"Tunapigana, baba, lakini Wajerumani wamekataa kushindwa."

Akainama juu ya madawati kama mganga juu ya mgonjwa. "Hapa bunduki inafika wapi?"

"Mpaka ukingo ule."

"Na Wahehe wanaanzia wapi?"

"Ukingo ule."

"Kwa hiyo wanazaliwa wakiwa wanapigwa." Akashika kizibo. "Hiki ni watu wangapi?"

"Kumi."

"Watu kumi wakipita njia ya porini, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na mzigo wake, wanachukua urefu gani?"

Sikujua. Naye hakujifanya kujua. Tulitoka nje na wanafunzi kumi, tukawabebesha mabegi na viti kichwani, tukawatembeza kwenye kijia cha kwenda kisimani. Walipokwisha kushika mwendo, Mzee Ntahondi akapiga kelele, "Simama!" akapima kwa hatua zake kutoka wa kwanza hadi wa mwisho.

"Kama mita ishirini. Basi upana wa kizibo kimoja ni mita ishirini. Hukuchagua wewe, Mwalimu. Wamechagua wao."

Tukarudi ndani. Msafara niliokuwa nimeurundika ukanyooka kizibo nyuma ya kizibo kwenye kamba ya katani, ukavuka madawati yote matatu. Haukuwa kundi hata kidogo, ulikuwa uzi.

"Sasa niambie," akasema, "vichakani mtu anaona mbali kiasi gani?"

"Labda mita ishirini hizohizo."

"Basi bunduki inafika kizibo kimoja. Risasi ikitaka iende Tabora, jicho linabaki hapa."

Tukacheza upya. Konsolata ndiye aliyekuwa kamanda wa Wajerumani, binti mwerevu asiyependa kushindwa. Wahehe walitokea wakiwa karibu kama mtu anayekuomba chumvi mezani. Mbele ya msafara palikwisha kabla nyuma hapajajua kuna nini. Konsolata alikuwa akikimbia kutoka dawati hadi dawati akipiga kelele, "Siwezi kuwakusanya! Baba, siwezi kuwakusanya!" Baba yake akajibu bila kuinua uso, "Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu."

Tangu siku hiyo nimefuata mpango wake. Anza na kitu kilichoamua vita ile, kiwe urefu wa msafara, upana wa bonde au umbali wa maji. Hakikisha kitu hicho kinaenea mezani. Kisha angalia kikosi chako kilisimama kwa upana gani pale ardhini, ukate kipande chake kiwe na upana huohuo kwa kipimo chako. Mwishoni kabisa, ukiwa na muda, ndiyo uamue juu ya kipande hicho usimamishe askari wawili au sita. Hao ni mapambo. Wanaoanza kwa kuhesabu askari huishia kupigana kwenye uwanja wa mpira.

Kuna mambo yatakayowasumbua. La kwanza ni nyumba. Wanafunzi wanapenda nyumba, nao wataleta boksi la kiberiti lenye paa la nyasi, zuri sana. Kwa kipimo cha kizibo, nyumba hiyo ina urefu wa zaidi ya mita thelathini. Tuligombana juu ya hilo muhula mzima, mpaka tukakubaliana kwamba nyumba moja ni kitongoji kizima, na anayeingia humo ameingia kitongojini, asituulize mlango uko wapi. La pili ni mikono ya wachezaji. Mchezaji mmoja asipewe vikosi vingi kuliko anavyoweza kuvikumbuka akiwa amefumba macho. Niliwahi kumpa mtoto mmoja jeshi zima la Wajerumani. Alipomaliza kulisogeza, adui yake alikuwa ameshakwenda kunywa uji.

La tatu ni nta. Vizibo vilipotuchosha tulianza kutengeneza watu wa nta, kwa kuwa Kibondo asali haikosekani, na wafuga nyuki walikuwa wakitupa masega kwa bei ya salamu. Tuliyeyusha, tukamimina kwenye vikalibu vya udongo, tukawatia njiti za kiberiti ziwe bunduki. Walikuwa wazuri ajabu. Tukaalikwa kuonyesha mchezo wetu Buhigwe, nasi tukaliweka jeshi mbele kwenye kioo cha gari ili lisitikisike. Hakuna aliyekumbuka jua. Tulipofungua kopo, majeshi mawili yaliyokuwa maadui tangu Kibondo yalikuwa yamekumbatiana kuwa kitu kimoja.

Wageni walikuwa wameshakaa. Nikaenda jikoni kwa wenyeji wetu, nikaazima maharage: ya njano upande mmoja, mekundu upande wa pili. Tukapigana vizuri tu, maana kipimo kilikuwa sahihi, na kipimo kikiwa sahihi hata harage ni mwanajeshi. Mpishi alisimama mlangoni na sufuria muda wote akingojea amani ipatikane.

Kisha nikahamishiwa Kasulu. Mzee Ntahondi alikuwa ameshastaafu na kuhamia hukohuko, akiishi na Konsolata, ambaye sasa alikuwa nesi. Kila Jumamosi alikuja shuleni na penseli yake. Meza ya mninga ni yeye aliyeipima. Tulikuwa na chama cha wanafunzi wapatao ishirini, na tulikuwa na shauku ya kupanga kitu kikubwa: Vita Kuu ya Kwanza ilivyopita hukuhuku kwetu, Wabelgiji wakiingia kutoka upande wa Burundi, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Tabora. Ili nchi yote ienee mezani, tuliamua kizibo kimoja ni watu mia, na shubiri moja ni mwendo wa siku nzima. Mto Malagarasi ulikuwa utepe wa bluu. Nilijivunia sana mchezo ule.

Ndipo mkuu wa shule akaniita ofisini. Alikuwa mtu aliyependa kila kitu kiende bila kelele, na siku hiyo uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia kelele inakuja. Mbele yake alikaa mwanamke wa makamo, mrefu, ushungi umefungwa sawasawa.

"Huyu ni Mama Shabani," alisema mkuu, "mjumbe wa kamati ya wazazi."

Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa na duka la vitenge karibu na soko, na mwanawe Shabani, wa Kidato cha Tatu, alikuwa kamanda wetu hodari kuliko wote.

"Mwalimu," alianza, "mwanangu jana kwenye chakula cha jioni amesema amepoteza watu mia tatu. Halafu akaomba aongezewe mchuzi."

"Ni mchezo tu, Mama Shabani."

"Najua ni mchezo. Mia tatu, Mwalimu. Na mchuzi."

Akasema kwamba mji huu umejaa watu waliokimbia vita, kambi ziko pale, na shule inawafundisha watoto vita kama karata. Atapeleka kwenye kamati mchezo ule ufutwe. Mkuu alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Nikamwomba mama huyo kitu kimoja: aje Jumamosi atazame kwanza.

Alikuja. Aliketi kwenye kiti karibu na dirisha, mkoba mapajani, bila kuuegemeza mgongo wake popote. Shabani aliwaongoza Wabelgiji. Alivuka Malagarasi mahali pabaya kwa haraka yake, akapoteza kizibo kimoja, akakitupa kwenye kopo. Kikalia *kling*.

"Kile kilikuwa watu wangapi?" Mama Shabani akauliza.

"Mia, mama," mwanawe akajibu, macho bado yako mezani.

"Na waliokuwa wakilima pale mtoni?"

Shabani akaangalia utepe, akafikiri kama nilivyomfundisha. "Kwa kipimo hiki hawaonekani."

Alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe ningempa alama zote.

"Hawaonekani," mama akarudia, akasimama, akaushika mkoba wake.

Nilimfuata mpaka mlangoni. "Mama Shabani, nipe Jumamosi moja tu."

"Ya nini?"

"Nibadilishe kipimo."

"Moja," akasema.

Wiki ile nilibishana na Mzee Ntahondi kuliko miaka yote tuliyofahamiana. Yeye aliona nitapoteza nchi. "Ukifanya mtu mmoja awe mtu mmoja, Mwalimu, huwezi kupata Kigoma mezani. Utapata kivuko kimoja na vijumba viwili vitatu."

"Ndicho ninachotaka. Kivuko kimoja."

"Na Tabora?"

"Tabora wataisoma kwenye kitabu."

Alinung'unika, akachonga penseli, akaanza kupima. Alipoanza kupima nilijua nimeshinda. Tukaamua upana wa kidole kimoja ni hatua ishirini. Mto Malagarasi kule juu, alikowahi kupima ujanani, si mpana; ukawa utepe wa upana wa kidole kimoja, mafunjo pande zote mbili. Mtu wa nta mmoja akawa mtu mmoja. Tukaweka askari wachache wa huku na wachache wa kule, wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu vijijini, wake zao, wazee, watoto. Watoto tuliwafinyanga kwa vipande vilivyobaki, wakawa wadogo kama punje za mahindi. Nikawaambia wanafunzi kila mmoja awape watu wake majina kabla ya kuanza.

Jumamosi ile chumba kilikuwa kilekile na watoto walewale, lakini mchezo ulikuwa mwingine. Shabani, aliyezoea kusukuma mamia kwa kiganja, alikuwa na askari saba tu wenye majina, naye aliwasogeza kwa ncha za vidole. Walibishana kwa sauti ya chini. Kijana mmoja alitumia zamu tatu kumtafutia mpagazi wake mahali pa kutua mzigo. Msichana mmoja, Neema, ndiye aliyekuwa na wanakijiji. Bunduki zilipoanza upande wa kaskazini, aliwakusanya wote akaanza kuwapeleka kivukoni, njia fupi kabisa.

"Siyo huko."

Tuligeuka. Mama Shabani alikuwa amesimama. Nadhani hata yeye hakujua amesimama lini.

"Kivukoni kuna watu wenye silaha," alisema. "Watoto hawapelekwi kivukoni."

Neema akaniangalia. Nikamwashiria ampishe, akasogea pembeni. Mama Shabani akaja mezani, akaweka mkoba chini.

"Unashuka na mafunjo, huku. Unakaa. Unasikiliza ndege. Ndege wakinyamaza ghafla, kuna mtu karibu, usiinuke. Wakilia tena, unakwenda." Alikuwa akisogeza watu wa nta mmoja mmoja, kwa mkono wa mtu anayepanga vikombe. Aliwapitisha bibi, wanawake wawili, mzee. Mwishoni akabaki na msichana mdogo, na mtoto mdogo zaidi akambandika mgongoni mwa yule msichana, nta ikashikana. Akawaingiza kwenye utepe wa bluu. Katikati, akasimama.

Kisha akambandua yule mdogo, akamlaza juu ya utepe, akamvusha msichana peke yake.

"Na huyu, mama?" Neema akauliza.

"Huyu hakuvuka."

Nje kulikuwa na watu wanacheza mpira, tukawasikia wanabishana goli.

"Mama," Shabani akasema. "Umejuaje njia ya mafunjo?"

Mji wa Kasulu una maswali ambayo watu hawaulizani, na swali la nani alitoka ng'ambo ya mto, kule Burundi, ni mojawapo. Nilitaka kuingilia kati, niseme mchezo umekwisha, twendeni tukanywe chai. Mzee Ntahondi alinishika kiwiko.

"Nilipita," Mama Shabani akasema. "Si vita hivi vyenu vya zamani. Vya juzi. Nilikuwa na umri wa kubebwa, lakini hakukuwa na wa kunibeba, na nilikuwa na mdogo wangu mgongoni. Aliitwa Yusufu. Kitenge kililegea kwenye maji. Nilikifunga mimi mwenyewe."

"Nilidhani wewe ni mtu wa Kumsenga," Shabani akasema.

"Kumsenga waliniokota, wakanilea, wakaniozesha kwa baba yako. Sikuona haja ya kusema zaidi ya hapo." Akaangalia meza kana kwamba ni mtu mwingine aliyeipanga. "Mana yanje," akamwita Mungu wake taratibu kwa Kirundi, akakaa kwenye kiti cha mmoja wa wanafunzi.

Zamu ilikuwa ya Shabani. Askari wake walikuwa kwenye kilima kidogo juu ya mafunjo, na kwa kanuni zetu waliuona upande ule wa mto. Wenzake walimngoja.

"Sipigi," akasema.

"Kanuni zinasema ukiona adui…" mmoja akaanza.

"Kanuni nazijua. Nimesema sipigi." Akazunguka meza, akachuchumaa kando ya kiti cha mama yake. Hakumgusa, alikuwa katika umri ule ambao mvulana hamgusi mama yake mbele ya wenzake. Alikaa tu hapo chini mpaka mama akaweka mkono kichwani pake.

Nilifundisha maisha yangu yote, na kama mtaniuliza ni kipindi gani nilifundisha vizuri kuliko vyote, ni kile ambacho sikusema kitu.

Kamati ya wazazi ilikutana wiki iliyofuata. Mimi niliketi nyuma nikiwa na hotuba niliyoikariri kuhusu umuhimu wa historia. Mkuu wa shule alifika kwenye jambo letu kwa sauti ya mtu anayeingia kwenye maji baridi. Kabla hajamaliza, Mama Shabani akanyoosha mkono.

"Mchezo uendelee," akasema. "Ila wasiniwekee tena watu mia kwenye kizibo kimoja mbele yangu."

Mwenyekiti akauliza kizibo ni nini. Mama Shabani akamwambia aje Jumamosi ataonyeshwa. Hotuba yangu ninayo mpaka leo, haijatumika.

Msinielewe vibaya. Bado mtahitaji kipimo kikubwa. Bila hicho huwezi kumweleza mtoto kwa nini jeshi liliondoka Kigoma, wala kwa nini reli ilikuwa na maana kuliko mji. Lakini tangu mwaka ule, kila tulipocheza mchezo wa mamia, Jumamosi iliyofuata tulicheza pande moja dogo la mchezo huohuo, mtu mmoja kwa mtu mmoja. Tulichagua mahali ambapo kwenye meza kubwa hapakuwa na kitu. Hapo ndipo penye kazi. Mkifuata ushauri mmoja tu katika yote niliyoandika, fuateni huo.

Jumapili moja baada ya kamati, Mama Shabani na mwanawe walipanda gari wakaenda kuuona mto. Hawakumwambia mtu. Nilijua Jumamosi iliyofuata, mama huyo alipokuja shuleni na kusimama mbele ya meza, mikono kiunoni kama mtu aliyeuziwa kitambaa pungufu.

"Mwalimu, mto ni mdogo."

"Ni mdogo, mama."

"Shabani ametupa jiwe, limevuka. Mimi miaka yote hii najua ni mpana kama ziwa."

Mzee Ntahondi akamwonyesha utepe. "Kidole kimoja. Hatua ishirini. Niliupima mwenyewe."

"Umepima vizuri, mzee wangu. Nimeuona kwa macho, ni kidole kimoja." Akaugusa utepe kwa ncha ya kidole. "Lakini siku ile haukuwa kidole kimoja."

"Ulikuwa kiasi gani?"

Mama Shabani akaweka kiganja juu ya meza, akatanua vidole, kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho. Shubiri nzima.

Nilimtazama Mzee Ntahondi. Huyu ni mtu ambaye katika miaka yote hakuwahi kuniruhusu niongeze kilima hata unene wa karatasi ili kipendeze. Aliutazama ule mkono kwa muda mrefu. Kisha akatoa penseli, akachora mstari mwepesi kandokando ya kiganja cha Mama Shabani, huku na huku.

Ndiyo maana katika mchezo ule, na ule peke yake, mto una upana wa aina mbili, nanyi msije mkausahihisha. Mwenye bunduki anavuka kidole kimoja. Mwenye mtoto mgongoni anavuka shubiri.